Ufa usomwe kabla ya kuzibwa, na mtungi utoke chini ya ngazi

Mhariri,

Jengo kuukuu la orofa likikaguliwa hapa kwetu, hukaguliwa vipande vipande. Anayekuja kutazama nguzo haingii jikoni. Anayeulizia leseni ya gesi hatazami nguzo. Injinia anaandika ripoti yake ya nyufa, EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, inahangaika na wauza mitungi, zimamoto ya kaunti inauliza vizimamoto viko wapi, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba sehemu yake imekamilika. Katika fleti za zamani za Kondele na Manyatta kule Kisumu, au Bondeni na Kaptembwo huku Nakuru, mambo hayo hayatengani. Jengo likisogea, maungo ya paipu ya gesi hulegea. Gesi ikilipuka, hali ya nguzo ndiyo huamua kama zitaanguka kuta za chumba kimoja au sakafu zote.

Mfano wanaofundishwa wahandisi ni wa London. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point lenye orofa 22, mkaazi wa orofa ya 18 aliwasha kiberiti ili apike chai. Gesi iliyokuwa imevuja ikalipuka, ikausukuma nje ukuta wa pembeni, na kwa kuwa ukuta huo ndio uliobeba orofa za juu, pembe nzima ya jengo iliporomoka. Watu wanne walikufa na 17 wakajeruhiwa. Aliyewasha kiberiti alipona, jambo linaloonyesha kwamba mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa hivyo. Gesi ilipenya kwenye nati ya brasi iliyounganisha kuka na paipu, yenye ukingo mwembamba kuliko ilivyotakiwa. Jengo lilikuwa na umri wa miezi miwili tu tangu wapangaji waingie. Lilipobomolewa mwaka 1986, baadhi ya maungo ya kuta yalikutwa yamejazwa magazeti mahali palipopaswa kuwa na simiti.

Kuanzia 1970 sheria za Uingereza zilitaka jengo la orofa tano kwenda juu liweze kupoteza nguzo moja au ukuta mmoja bila kuporomoka kote, au sivyo kipande hicho kihimili msukumo wa kilonyutoni 34 kwa mita mraba, yaani karibu tani tatu na nusu. Huku kwetu kanuni za ujenzi zilizotumika hadi zilipoondolewa na Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 ni za mwaka uo huo wa 1968, kabla somo hilo halijaingia vitabuni. Injinia aliyefuata BS 8110, mwongozo wa Uingereza wa majengo ya zege, alilifunga jengo lake kwa nondo za kuunganisha, mbele, nyuma na juu hadi chini. Fundi wa mjengo aliyejenga kwa mazoea hakufunga, na ukitazama plasta tu huwezi kujua ni yupi aliyejenga.

Hata hao Waingereza walijisahau. Mwaka 2017, katika mtaa wa Ledbury kusini mwa London, wapangaji walilalamikia nyufa pana kwenye majengo ya aina ile ile, na wahandisi walipoingia hawakupata uthibitisho kwamba yaliwahi kuimarishwa. Gesi ilikatwa mara moja. Miaka 49 ilikuwa imepita, na kilichokosekana ni karatasi.

Dawa ya London haiwezi kunywewa nzima hapa, maana kule gesi ilifungwa kwenye vali moja kwa jengo zima. Huku jengo la nyumba 40 lina mitungi 40, na kila mmoja una mwenyewe na fundi wake wa bodaboda. Tena gesi ya mabomba ya London mwaka 1968 ilikuwa nyepesi kuliko hewa, ikipanda darini. Hii yetu ya mitungi ina uzito wa mara moja na nusu hadi mbili ya hewa. Hulala sakafuni, hupita chini ya mlango, hushuka ngazi kama maji na kuingia mtaroni. Mpangaji wa orofa ya tatu anaweza kulipukiwa na gesi iliyovuja orofa ya nne.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya gesi ikitoka mtungini huwa karibu nusu mita ya ujazo, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una mita tatu za ujazo. Mchanganyiko huanza kuwaka gesi ikifika karibu asilimia 2 ya hewa. Chukua bedsita ya mita 3 kwa 4 yenye dari la mita 2.6: ina mita 31 za ujazo, na asilimia 2 yake ni kilo moja na robo ya gesi. Wengi husema hiyo ni nyingi, mtu angenusa. Lakini gesi haienei sawa. Ikijikusanya kwenye sentimita 30 za chini tu, gramu 150 zinatosha, na pua ya mtu aliyesimama haiko huko chini, ilhali plagi ya friji na jiko la makaa la jirani viko. Na pua huchoka: aliyelala ndani ya harufu huacha kuisikia.

Sehemu inayovuja mara nyingi ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Ukiondoa kifuniko cha plastiki na kuchungulia ndani ya vali ya mtungi, utaona pete nyeusi ya mpira. Hiyo ndiyo inayoziba kati ya vali na regyuleta. Ikikauka hupasuka, ikibanwa vibaya hukatika, na mara nyingine mtungi hufika bila pete kabisa. Ukiona regyuleta inacheza baada ya kukaa, au inafuka hadi uizungushie tepe au uipake kipande cha sabuni ya kufulia, mtungi huo urudishwe dukani. Tepe haizibi mahali pa pete. Mtungi uliojazwa kichochoroni una balaa jingine, kwamba hujazwa kupita kiasi. Kampuni huacha takriban sehemu moja kati ya tano wazi ili gesi iliyo katika hali ya kimiminika ipate nafasi ya kutanuka jua likiupiga mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake. Uweke kwenye mizani: uzito huo jumlisha kilo 6 au 13, na ukizidi sana usiuingize ndani.

Mpira wa gesi uwe wa gesi kweli, wenye maandishi yake na mwaka wake, usizidi mita moja na nusu, na ufungwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Waya wa kufungia nondo hautoshi. Tumeona katika fleti nyingi ukuta ukitobolewa ili mtungi ukae nje kwenye veranda na mpira upite tunduni. Nia ni njema, lakini ukingo wa jiwe huula mpira kwa ndani ya tundu, pale pasipoonekana. Ukutani ipite paipu ya shaba ndani ya ala ya plastiki, na mpira uanzie baada ya hapo. Kupima, tumia maji na sabuni ya vyombo kwa sponji, vali ikiwa wazi na vifundo vya kuwashia kuka vimefungwa: kwenye pete, kwenye regyuleta, ncha zote mbili za mpira, kisha vifundo vyenyewe. Povu likikua, pamevuja. Kiberiti kisikaribie.

Ukisikia harufu, funga vali, fungua madirisha na mlango, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Waite majirani kwa sauti, usibonyeze kengele ya umeme. Simu ipigwe ukiwa nje.

Matundu ya hewa ya juu, yale ya kawaida karibu na dari, hayasaidii gesi inayolala chini. Jikoni panahitaji tundu la takriban sentimita 15 kwa 15 usawa wa sakafu, kwenye ukuta wa nje, lenye wayameshi, pamoja na lile la juu kwa ajili ya moshi. Lisielekezwe kwenye ngazi. Nakuru huzibwa kwa sababu ya baridi ya Julai, Kisumu kwa sababu ya mbu. Wayameshi ndiyo jibu la mbu, na kwa baridi ni afadhali blanketi.

Kuhusu jengo lenyewe, methali ya ufa na ukuta tunaipenda sana, ila wenye ploti wameielewa kinyume. Kabla ya mpangaji mpya kuingia, ufa hupakwa plasta na rangi, basi. Ufa ni maandishi, ukiuziba hujausoma. Chora mistari miwili midogo ya penseli mwisho wa ufa pande zote, uandike tarehe hapo hapo ukutani. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8: ikiingia kwenye ufa, andika. Kadi tatu zikiingia pamoja, ufa umepita milimita mbili na injinia aitwe. Ule mwembamba kama unywele kwenye plasta, uliotapakaa kama utando wa buibui, ni wa plasta kukauka haraka na hauna neno. Ulio mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaopanda kama ngazi kwenye maungo ya mawe, unaonyesha msingi umeshuka upande mmoja. Ulio mshazari kwenye boriti, karibu na inapokutana na nguzo, ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu boriti ikikatika hapo haitoi onyo refu. Na ule unaofuata urefu wa nguzo, wenye madoa ya kahawia, ni kutu ya nondo.

Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege hupasuka kutoka ndani. Nondo zinapaswa kufunikwa na zege la angalau milimita 25 kwenye slabu na karibu 40 kwenye nguzo. Katika majengo mengi ya zamani ringi za nguzo ziko milimita 10 tu chini ya plasta, kwa sababu fundi hakuweka vipande vya simiti vya kuziinua kutoka kwa mbao. Mahali pa kutazama kwanza ni chini ya bafu na vyoo vilivyopangana orofa kwa orofa, na chini ya tangi la juu, maana huko maji hayakauki. Gonga kwa nyundo ndogo: zege zima hulia kavu, lililoachana na nondo hulia kama kibuyu.

Wenye nyumba wakishaogopa huita mtu mwenye nyundo ya kupima zege, ile inayodunda na kutoa namba, halafu wakapewa ripoti nzuri. Nyundo hiyo hupima ngozi. Zege la miaka 30 lililokwisha kuvuta hewa ya kaboni huwa gumu juu juu na hutoa namba kubwa kuliko nguvu yake ya kweli. Kipimo cha haki ni kutoboa vipande vya duara vya milimita 100 na kuvivunja maabara, na kabla ya hapo kunyunyizia fenoliftalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi, kwenye zege lililovunjwa upya: panapogeuka zambarau, nondo bado zimelindwa, pasipobadilika rangi, ulinzi umekwisha. Pakibaki bila rangi hadi kwenye nondo, kutu ni suala la unyevu tu.

Kisha uzito. Slabu ya milimita 150 ina kilo 375 kwa kila mita mraba. Orofa moja ya mita mraba 200 iliyoongezwa juu ya jengo lililochorewa orofa nne ni tani 75 za slabu peke yake, kabla ya kuta, watu na vitanda. Tangi la lita 10,000 ni tani 10 zikikaa mahali pamoja, mara nyingi katikati ya slabu ilhali lingekaa juu ya nguzo. Chini nako, kuta za mawe hutolewa ili maduka yapate nafasi, orofa ya chini ikabaki imesimama kwa miguu mitupu. Huku Bonde la Ufa hilo lisichukuliwe kwa wepesi: tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa la ukubwa wa 6.9, na Subukia si mbali na Nakuru.

Udongo pia una lake. Ule mweusi wa mfinyanzi wa Kisumu na tambarare za Kano huvimba masika na kunywea Januari na Februari, kwa hiyo ufa uliopimwa msimu mmoja tu haujasomwa. Majivu ya volkano ya Nakuru hushuka ghafla yakilowa, hivyo mfereji wa mvua unaomwaga kando ya msingi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Na jengo likishuka sentimita moja au mbili upande mmoja, paipu ngumu iliyojengewa ndani ya ukuta ndiyo hukatika kwanza. Ala tuliyoitaja juu ni kwa ajili ya hilo pia.

Mafundi wa mabomba nao wajue mipaka yao. Tundu la paipu ya choo ya milimita 110 likitobolewa kwenye boriti kando ya nguzo, limetobolewa mahali pabaya kuliko popote. Paipu ya gesi au ya maji ipite kwenye ukuta wa kujaza, usiobeba mzigo, isikate boriti, isikate nguzo, isikwangue nondo za slabu.

Kwa jengo kuukuu, kinachofaa zaidi ni mitungi yote ikae nje chini, kwenye kizimba cha wayameshi chenye paa na sakafu ya zege, angalau mita tatu kutoka mtaro, dirisha la chini au mita za umeme, na gesi ipande kwa paipu ya chuma au shaba juu ya ukuta wa nje, ikiwa na vali ya kufunga kila orofa, na vali kuu ambayo msimamizi wa ploti anaweza kuifikia usiku bila kutafuta ufunguo. Pasipowezekana, kila nyumba mtungi mmoja, wa akiba usiwekwe ndani. Na duka la gesi chini ya ngazi za fleti liondoke. Mitungi 30 ya kilo 6 ni gesi ya mita 90 za ujazo, ikikaa kwenye njia pekee ya kutokea. Baada ya mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, tarehe 1 Februari 2024, mahali ambapo EPRA ilisema maombi ya kibali yalikuwa yamekataliwa, hatuoni udhuru wa kaunti kuendelea kuyaacha.

Tunachoiomba kaunti ya Kisumu na ya Nakuru ni ukaguzi mmoja, siku moja, kwa fomu moja: injinia aliyesajiliwa, mtu wa gesi na mtu wa zimamoto waingie pamoja, kuanzia majengo ya orofa tano kwenda juu yaliyopita miaka 25. Nakala ya fomu ikae kwa msimamizi, pamoja na ramani ya nondo kama ipo, tarehe za nyufa na orodha ya mitungi. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka na kuua watu wasiopungua 49 Aprili 2016 lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa. Rangi nyekundu ukutani haikuwahamisha wapangaji, na hakuna aliyepewa kazi ya siku ile ile.

Kazi hiyo ipo. Jengo likitiliwa shaka, kabla ya hoja ya kuhama kumalizika, mitungi yote itolewe nje siku hiyo. Tangi la juu lipunguzwe hadi robo. Magunia na bidhaa zilizohifadhiwa orofa za juu zishushwe. Boriti inayoshukiwa iwekewe nguzo za chuma za kuegemeza, na nguzo hizo zifuatane orofa kwa orofa hadi ardhini, moja juu ya nyingine; ukiegemeza orofa ya tatu ukaishia hapo, umeihamishia slabu ya pili mzigo ambao haikujengewa. Ni afadhali watu wasilale humo, hasa upande wa boriti hiyo.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Aliyeweka alama za penseli Februari azipime tena mwisho wa Novemba, kwa kadi ile ile.

Wahandisi wa majengo na mafundi wa gesi,
Kisumu na Nakuru